Kulala kama Birindwa

Ninyi vijana mnaoshusha nyavu pale chini ya Nguba, nawasikia kila asubuhi. Nyumba yangu iko juu ya njia yenu, na huu mgongo ulionikataza kuvuta kamba haujanikataza kusikia. Mmoja wenu akifunga mtumbwi mahali pabaya, au akikalia nyavu zilizolowa bila kutazama, mnamcheka: "Umelala kama Birindwa!" Wengi wenu hamkumwona huyo Birindwa kwa macho. Mnajua tu kwamba zamani kulikuwa na mvuvi mmoja wa Bukavu aliyekwenda kaskazini mwa ziwa, akajilaza mahali ambapo hata mbuzi wa kule hawapelekwi, akanusurika kufa.

Wiki iliyopita mlilisema neno hilo mbele ya Neema, yule dada mwenye mitumbwi, anayewauzia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akina mama wa Kadutu. Birindwa alikuwa babu yake, baba wa mama yake. Neema alicheka pamoja nanyi. Halafu akapanda mpaka kwangu, akakaa kwenye kibaraza, akavua viatu vyake vyenye matope, akaniuliza: "Papa Byamungu, weye ulitumika kazi na babu miaka mingi. Ile mambo wanasemaka iko ya kweli? Alikuwa mujinga namna ile?"

Nilimwambia nitamjibu, na wiki nzima imepita. Sasa namjibu kwa maandishi, ili msome nanyi, kwa kuwa ninyi ndio mnaocheka. Mtanivumilia. Mzee akianza habari za kaskazini hafiki haraka.

Kwanza mjue kaskazini kwetu ilikuwa nini. Leo mnawasha motori asubuhi, jioni mnapiga picha na volkano nyuma yenu. Sisi tulipiga kasia. Tulifuata Idjwi upande mmoja mpaka kisiwa kinakwisha, maji yanafunguka, na mbele yako ni milima ya moto na pwani nyeusi ya mawe yaliyoyeyuka zamani. Siku nne, tano upepo ukikataa. Tulikwenda msimu ambao sambaza walikuwa wametuhama huku kusini, na tulikaa huko mwezi, miezi miwili, tukilala nje, tukila tulichovua, ndevu zikiota kama majani ya shambani.

Chombo chetu kilikuwa kama vyenu: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na fito zimetokeza mbele na nyuma kama sharubu za mende. Taa ndizo zilizokuwa tofauti. Zilikuwa za petroli, za kupiga pampu, na ndani yake kuna kile kisoksi kinachotoa mwanga. Kikishaungua kinakuwa majivu matupu yaliyoshikana kwa neema ya Mungu. Ukipiga chafya karibu yake kimekwisha. Mimi nilipiga chafya mara tatu katika safari yangu ya kwanza, na mara ya tatu Muzee Birindwa akanipa amri ambayo watu wote waliiimba mpaka tukarudi nyumbani: "Byamungu, chafya yako ni ya ziwa. Ya taa hapana."

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilijua kupiga kasia na kushona nyavu, nikadhani hiyo ndiyo kazi yote. Siku ya kwanza kabisa Muzee alinipa kipande cha kamba akasema nimwonyeshe mafundo ninayoyajua. Nikafunga matano, moja baada ya jingine, kwa majivuno. Akayafungua yote kwa kidole kimoja, bila hata kuangalia, huku anaongea na mtu mwingine. Kisha akanigeukia: "Hizi ni za mbuzi. Tena mbuzi mwenye kupenda nyumbani." Alinifundisha moja tu, la kwake, linaloshika zaidi kadiri unavyovuta. Nilifunga fundo hilo kwenye mguu wa kiti, kwenye mlango, kwenye mkono wa mke wangu hata, mpaka akanifukuza jikoni.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega mapana, na sauti ndogo ambayo ilikulazimisha kunyamaza ili usikie. Hakuwahi kunipiga wala kunitukana. Akikasirika alikuwa anaimba wimbo wa kanisa kwa Mashi, lugha ya kwetu, polepole, na hapo tulijua kwamba kuna mtu ameharibu kitu. Nilimpenda mzee yule. Sina aibu ya kulisema, na nilichelewa kulisema.

Mtu mwingine mnayepaswa kumjua ni Pascal. Pascal alitoka Shabunda. Aliacha mashimo ya dhahabu baada ya kuona shimo moja likijifunga juu ya watu, akasema afadhali afe mahali penye hewa. Alikuwa anaogopa ziwa kama mtoto anavyoogopa sindano, lakini mvua na msitu havikumtisha. Kwa kuni zilizolowa siku tatu, Pascal aliwasha moto. Sisi wengine tulijaribu tukaishia kulia machozi ya moshi. Asubuhi moja kule kaskazini alituamsha akipiga kelele kwamba kuna mfu anakula samaki wetu. Tulikwenda na makasia, tukakuta fisi-maji amekaa juu ya mtumbwi, mgongo unang'aa, anatafuna sambaza kwa utulivu na kututazama kama sisi ndio wageni. Na kweli tulikuwa wageni.

Hapo ndipo penye somo la Muzee. Alikuwa na sheria moja ya nchi kavu, na aliirudia kila tulipofunga mtumbwi pwani ya watu: kabla hujatua hata sufuria, panda kwa wenyeji ukaulize. Wanachota maji wapi. Wanakwenda haja wapi. Na zaidi ya yote, wanalala wapi na hawalali wapi. "Sisi ni watu wa kusini," alisema. "Tunajua ziwa. Udongo ya hapa hatuijui. Iko na desturi yake."

Somo lake lingine lilikuwa la pumzi. Maji ya kaskazini yana mawe makali chini, na wavu ukinasa lazima mtu azame akaunasue. Muzee alinifundisha nikiwa nimeweka uso ndani ya beseni, ufukweni Idjwi, mbele ya wasichana waliokuja kufua. Walicheka mpaka sabuni ikawaponyoka. Alisema usijaze kifua mpaka kitake kupasuka, vuta ya kutosha tu, kisha hesabu kwa Mashi, taratibu, kama mtu anayehesabu kuku wake jioni. "Tumbo itaanza kurukaruka. Usiogope. Inakudanganya. Ikiruka, jua uko na kumi ingine." Nilikunywa maji mengi ya beseni lile kabla sijamwamini.

Sasa nifike nilikokuwa naogopa kufika.

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu. Tulikuwa watu sita, na tulitia nanga mahali ambapo hatukuwahi kutua, upande wa pwani nyeusi, mchana wenye upepo mzuri. Muzee alikuwa na homa. Alikaa ndani ya mtumbwi amejifunika, akaniita. "Leo weye ndiye utachagua fasi ya kulala. Lakini panda kwanza, uulize." Mjue uzito wa jambo hilo. Kuchagua kambi ilikuwa kazi ya mwenye chombo. Maana yake alikuwa anaanza kunitazama kama mtu wa kumwachia mitumbwi yake.

Nyumba za wenyeji zilikuwa juu, mbali, na njia yote ni mawe meusi yanayokata. Viatu vyangu vilikuwa vimekatika. Tena wiki moja kabla ya hapo niliuliza njia kwa wanawake wa kijiji kingine, wakacheka Kiswahili changu cha Bukavu, wakaniiga mbele yangu. Nikatembea hatua kama mia, nikafika nyuma ya jiwe kubwa, nikakaa kivulini. Nikatafuna muhogo. Nikangoja muda ambao ungemtosha mtu kupanda na kushuka. Wakati wa kurudi nikaona bonde dogo, limezama kama sufuria, lina nyasi laini za kijani katikati ya mawe yale yote, na upepo haufiki chini. Kwetu kusini, mahali kama pale ni zawadi. Upepo wa ziwa unapita juu ya kichwa, unalala vizuri.

Nilishuka kulikagua. Kulikuwa na ndege mdogo amekufa kwenye nyasi. Nikamsogeza kwa mguu. Nikatazama kama kuna siafu: hakuna. Nikatazama nzi: hata mmoja. Wallahi nilifurahi. Nikasema moyoni, Byamungu, umepata hoteli.

Nikarudi kwa Muzee. Akaniuliza, wenzetu wakiwa mbali: "Umeuliza?"

"Ndiyo, Muzee. Wamesema pazuri."

Sikusita hata kidogo wakati wa kulisema.

Tukapeleka mikeka na vyombo bondeni jua bado likiwaka, tukatembea humo, hakuna aliyedhurika. Upepo wa mchana ulikuwa unapafagia. Tukaenda kuvua, na kulipopambazuka tukarudi. Hewa ilikuwa imetulia kabisa, ziwa limelala. Muzee alikuwa anatetemeka kwa homa. Akasema anashuka kujilaza kwanza, sisi tumalize sambaza. Tukamwacha aende. Tulianika samaki juu ya mawe, pengine nusu saa, pengine chini ya hapo. Kisha mimi na Pascal tukaenda kumchemshia chai.

Pascal alishuka mbele, akainama kwenye mafiga, akawasha kiberiti. Kikazimika. Akawasha kingine. Kikazimika kabla hakijamaliza kuwaka, kama mtu amekipulizia. "Hii alumeti ni ya bure," akasema. "Nani alinunua hii?" Akawasha cha tatu, na cha nne. Mtu wa Shabunda, aliyewasha moto ndani ya mvua! Nilianza kumcheka. Ndipo nikaona anasimama vibaya, anashika kichwa, anayumba, na mimi mwenyewe kifua kimebana kama nimefungwa mshipi.

Sauti ikatoka juu yetu. Mwanamke amesimama ukingoni na fimbo ya kuchungia mbuzi, anapiga kelele kama nyumba inaungua. "Tokeni mule! Tokeni! Ni mazuku! Musiiname, kichwa juu!"

Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini kule kwenye nchi ya volkano. Haina rangi, wala hamuisikii harufu. Ni nzito, inalala mabondeni kama maji yanavyojaa bakuli, na asubuhi isiyo na upepo ndipo inapojaa zaidi. Aliyesimama anaweza kupona na aliyelala asipone. Wenyeji wanaijua tangu utoto. Siku hizi kuna mahali wameweka vibao. Sisi hatukuwa na kibao, tulikuwa na mdomo wa kuulizia, na wa kwangu ulikuwa umejaa muhogo.

Nilimvuta Pascal kwa mkono mpaka juu. Muzee alikuwa amebaki chini kwenye mkeka wake, ubavu mmoja, magoti yamekunjwa, hajasikia kelele zote zile.

Nilitaka kurudi mbio. Yule mama, Maman Faida ndilo jina lake, akanishika shati. "Ukiinama kule unavuta, unaanguka juu yake, na ntazika wawili." Nikakimbilia mtumbwini, nikachukua kamba ya nanga. Nikampa Pascal na wenzetu watatu ncha moja. Nikavuta pumzi ya kutosha tu, nikafunga mdomo, nikashuka nikihesabu kwa Mashi.

Taratibu, kama kuku wa jioni. Nilitembea kichwa juu. Nikapiga magoti mara moja tu, nikapitisha kamba chini ya makwapa yake, nikafunga. Mikono ilifunga yenyewe, lile fundo lake. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu na mdomo umefunguka kidogo, na nilikuwa nafikiri neno moja tu: nilisema nimeuliza. Tumbo likaanza kurukaruka. Nikaanza kumi yangu. Nikainua mkono, wakavuta, nikasimama na kumsukuma kutoka nyuma. Nilipofika kwenye saba, upepo ukanigusa usoni.

Maman Faida alimgeuza kuelekea ziwani, akavua kitenge chake cha juu, akampepea kwa hasira, kama anafukuza mtu. Alimpepea muda mrefu. Pascal alikuwa anasali kwa Kirega. Mimi sikuweza kusali. Jua la asubuhi lilikuwa limeanza kugusa maji pale Muzee alipokohoa, akatapika, akatukodolea macho kama mtu aliyeamshwa na makelele ya watoto.

Hapo Maman Faida akakaa chini, akajifunga tena kitenge chake, akatugeukia. "Mwezi ulipita nilipotezaka mbuzi wawili mu ile shimo. Kila mutoto wa hapa anaijua. Nani aliwaambia mulale mule? Nani?"

Watu wote walinitazama. Mimi ndiye niliyechagua, nami ndiye niliyesema nimeuliza. Nikafungua mdomo.

"Ni miye," akasema Muzee Birindwa, kwa ile sauti yake ndogo, ndogo zaidi siku hiyo. "Huyu kijana alitaka kupanda kuuliza. Miye nilimukataza. Nilisema miye najua ziwa hii, siwezi kuuliza bamama."

Maman Faida alimtukana vizuri sana. Alimwita mzee asiye na akili, mtu wa kusini anayejiona. Muzee akaitikia kwa kichwa, "ndiyo maman, ni kweli maman." Wenzetu watatu walisikia, na kwa kuwa alikuwa amepona, wakaanza kucheka. Tulipofika Bukavu habari ilikuwa imetutangulia. Ndivyo neno lenu lilivyozaliwa.

Njiani kurudi, tukiwa karibu na Idjwi, nilijaribu. "Muzee, ile mambo..."

"Piga kasia."

Nilijaribu tena mwaka uliofuata, tukishona nyavu wawili tu. Safari hii aliweka sindano chini. "Byamungu, sikia. Ile siku ulikuwa na miaka makumi mbili na sita. Kama wangejua, nani angekupa tena mutumbwi yake? Ungekufa na njaa na hiyo mikono yako ya muzuri. Miye nilikuwa na jina tayari. Jina yangu iko na fasi ya kuchekewa kidogo." Akaokota sindano. "Siku utazeeka, utasema. Sasa shona, hii tundu ingepitisha ng'ombe."

Tangu siku ile sikuwahi kutua pwani ya watu bila kuuliza, hata pale ambapo nilizaliwa. Walinicheka kwa hilo, na niliwaacha wacheke. Niliongoza mitumbwi miaka thelathini, watu wengi, na sikuzika hata mmoja. Mkienda kule, ulizeni. Na mkikosa mtu wa kumuuliza, shusheni moto mdogo mpaka usawa wa kifundo cha mguu, ninyi mkiwa mmesimama. Ukizimika, ondokeni bila kuinama, na mkeka liachieni bonde. Na mahali ambapo hata nzi hawapataki, msifurahi.

Sasa sikilizeni lililo baya kuliko uongo wa siku ile. Muzee Birindwa alizeeka, na mimi nikazeeka nyuma yake, na sikusema. Kila mwaka niliona bado. Alipofariki tulimzika kule kwao Mudaka, kanisa lilijaa, na baadaye watu walipokaa kula, mvuvi mmoja akachekesha: leo kweli amepata mahali pazuri pa kulala. Kila mtu alicheka. Nami nilicheka. Neema alikuwa msichana mdogo, alikuwa anapitisha maji ya kunawa, akanitazama nikicheka. Nadhani ndiyo sababu, katika wazee wote wa bandari, alikuja kuniuliza mimi.

Neema binti yangu, jibu lako ni hili. Babu yako hakuwa mjinga. Alilala mahali ambapo mtu aliyemwamini alimwambia ni pazuri. Alipoamka alibeba aibu ya mtu huyo miaka yote, na hakuiweka chini hata siku moja.

Nanyi vijana, kesho asubuhi nitashuka bandarini na fimbo yangu. Mtu atakosea tu, mnakosea kila siku. Nitasimama pale nyavu zinapoanikwa, Neema awe karibu, na nataka nisikie mmoja wenu akisema kwa nguvu: "Umelala kama Byamungu!"

Nitacheka wa kwanza.